Hayo Mengine, Tutaonana

Wenzetu walimu wameandika mengi katika kurasa hizi juu ya ngeli, juu ya utungo, na juu ya njia za kuwafanya wanafunzi waipende lugha. Safari hii sisi tunawaomba radhi wasomaji, kwani tunaleta jambo la nyumbani kwetu, tena jambo la deni, ambalo kwa desturi mtu hulificha uvunguni. Tumelileta kwa sababu lilianza kwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua aliyeipokea, na likakaa miaka 11 juu ya neno moja la Kiswahili ambalo sisi, tunaolipwa mshahara kwa kulifundisha, tulilisikia vibaya.

Kilima cha Nsambya kiko kusini mwa katikati ya jiji la Kampala, kikitazamana na kilima cha Kibuli chenye msikiti wake. Mapadri wa Mill Hill walikifikia mwaka 1895, na hospitali iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 ingali ikipokea wagonjwa hadi leo. Lakini kwa mwalimu wa Kiswahili Nsambya ina sifa nyingine. Reli ilijenga hapo nyumba za wafanyakazi wake, na polisi wana kambi yao hapo. Na mahali palipo na reli na polisi, katika Uganda, Kiswahili hakikosi. Twajua sote jinsi lugha hii ilivyotazamwa nchini kwa jicho la pembe: wengine waliiita lugha ya bunduki, wengine lugha ya wapagazi. Nsambya tuliisikia ikisemwa bombani, wanawake wakingojea ndoo zijae, wala hapakuwa na bunduki karibu.

Tulifika hapo mwaka 2006, tungali vijana, stashahada ya ualimu mkononi, tukatafuta vyumba viwili vya kupanga. Nyumba za namna hiyo, zilizojengwa kwa safu moja, milango imefuatana kama ya mabehewa, wenyeji wa Kampala huziita mizigo, na kimoja chake ni muzigo. Aliyetutafutia alipotuambia kwa furaha kwamba ametupatia muzigo Nsambya, tulimwuliza kama tutahitaji mchukuzi. Tulijiona wajanja sana siku ile.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu wa reli. Alianza kazi katika siku za Reli ya Afrika Mashariki, akahamishwa Tororo, kisha Nakuru, kisha Voi, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akarudi Kampala na mkewe na masanduku mawili. Kiswahili chake kilikuwa kimeokota kitu katika kila stesheni. Vyumba vyake 8 alivijenga kidogo kidogo, kwa fedha za jasho lake. Jioni alikaa barazani, redio mapajani, naye alipenda kutusahihisha: sisi tukisema kama vitabu visemavyo, yeye akisema kama watu wasemavyo, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, nasi tuliilipa bila kuchelewa kwa miaka mitatu na zaidi. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 2010, jina letu liliachwa katika orodha ya mishahara kwa kosa la uandishi. Walimu wenzetu hawahitaji kuelezwa mambo hayo. Tulikwenda ofisi hii tukaambiwa twende ile, tukapeleka vyeti, tukapeleka nakala za vyeti, na miezi 6 ikapita. Mzee alivumilia. Mwezi wa tano alituita akasema, "Mwalimu, mimi pia nina watoto." Hakusema zaidi ya hayo. Mwezi wa Oktoba tukapata kazi katika shule moja huko Mukono iliyokuwa na nyumba za walimu, tukahama, tukiacha deni la shilingi 900,000 na ahadi. Ahadi ile tuliitoa kwa moyo safi, lakini hatukuitia tarehe.

Mwezi wa Novemba Mzee alifungua kesi ya madai. Hati ya wito ililetwa Nsambya, kwenye mlango ambao haukuwa wetu tena, ikapokewa na jirani, mama mtu mzima aliyekuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Alijua Kiluo, Kiswahili na Kiganda cha sokoni. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kwa kuwa sheria ya mashauri ya madai ya Uganda inasema kwamba lugha ya mahakama ni Kiingereza. Mama yule aliona muhuri, akaona jina letu, akadhani ni mambo ya shule. Aliitunza kwa heshima, ndani ya Biblia, akingoja tupite. Tulipopita ilikuwa Pasaka, na hukumu ilikwisha tolewa mwezi wa Machi mwaka 2011, hukumu ya upande mmoja, sisi hatupo: kodi shilingi 900,000, gharama za shauri shilingi 340,000, na riba ya asilimia 6 kwa mwaka mpaka siku ya kulipa.

Baadaye mwanasheria alitueleza kwamba kumpa jirani hati ya wito si kumpa mdaiwa, na kwamba tungaliweza kuomba hukumu ile itenguliwe. Yamkini. Lakini tungalikwenda kusema nini mbele ya hakimu? Kodi hatukuwa tumelipa.

Mwezi wa Julai dalali wa mahakama alikuja shuleni Mukono, wakati wa mapumziko ya saa nne, akatuita kwa jina kamili mbele ya chumba cha walimu. Alitaja mali, kisha alitaja jela, kwani sheria ya Uganda ingali inaruhusu mdaiwa wa madai awekwe gerezani. Hatutasimulia aibu ile. Tulikopa katika mchango wa walimu, zamu ya mwenzetu tukaila sisi, na Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2011 tulikwenda Nsambya na noti 18 za shilingi elfu hamsini. Mzee alimpa mkewe azihesabu, kwa kuwa miwani yake alikuwa haiamini. Mama akazihesabu mara mbili. Ikaletwa chai. Tulipoinuka tukauliza, kwa sauti ya mtu anayetumaini kujibiwa vizuri, juu ya zile gharama za shauri. Mzee akatushika mkono akasema, "Hayo mengine, mwalimu, tutaonana."

Sisi tukasikia kwaheri, tena msamaha uliovikwa adabu, kwa maana mtu mzima hapendi kumwambia mgeni wake mlangoni kwamba amemsamehe. Tukashuka kilima mioyo myepesi. Hatukudai risiti, kwani ungemdaije risiti mtu uliyekunywa chai yake? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo tumewatungisha wanafunzi insha miaka mingapi sijui. Risiti hatukupata, na mahakama haikuarifiwa.

Mwaka 2013 tulirudi Nsambya, mtaa ule ule, nyumba nyingine. Kila siku tulipita mbele ya baraza la Mzee tukiamkiana. Aliaga dunia mwaka 2015. Tulichimba kaburi pamoja na wengine.

Sasa tuje kwenye mwaka 2022. Nyumba tuliyopanga iliuzwa, nasi tukatakiwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwaka. Mama yetu mzazi alikuwa ameletwa kutoka Busia kwa matibabu, naye alihudhuria hospitali pale Nsambya mara mbili kila mwezi. Miguu yake haikuweza kupanda kilima kutoka mbali. Tukapata vyumba viwili karibu mno na lango la hospitali, mtaa wa pili, kwa shilingi 350,000. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, alikubali kila kitu, akaomba jambo moja tu: barua ya mwenyekiti wa mtaa tuliotoka.

Wasomaji walio nje ya Uganda pengine watahitaji maelezo. Tangu mwaka 1986 nchi ilipoanza mabaraza ya wananchi, kila kijiji na kila mtaa una baraza lake la daraja la kwanza, na mwenyekiti wake ndiye anayemjua nani ni nani. Bila barua yake yenye muhuri huhesabiwi mkazi. Watu wa benki wana njia nyingine: tangu mwaka 2008 nchi ina shirika linaloweka kumbukumbu za wakopaji, na mwenye kuomba mkopo huchunguzwa humo. Mpangaji wa muzigo hana taarifa ya namna hiyo. Taarifa yake ni barua ya mwenyekiti.

Mwenyekiti wetu wa zamani alichaguliwa mwaka 2001, akakaa miaka 17, maana uchaguzi wa vijiji haukufanyika tena hadi mwezi wa Julai mwaka 2018. Alitujua, alijua tumelipa, na hakuwa na haja ya kufungua daftari. Mwenyekiti mpya alikuwa kijana mwangalifu, aliyerithi muhuri, meza na madaftari. Akafungua. Katika ukurasa wa mwaka 2011 palikuwa na jina letu na maneno machache: mpangaji, kesi ya kodi, hukumu ya mahakama, mwezi wa Machi. Baada ya hapo mstari ulikuwa mtupu. Akatutazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, nikiandika kwamba huna kesi, nitakuwa nimesema uwongo." Nasi ambao kila mwaka huwaambia watoto kwamba maandishi hayana aibu, tulikosa la kumjibu. Barua aliyoandika ilisema kweli: mkazi wa muda mrefu, mwenye tabia njema, ana hukumu ya deni la kodi isiyojulikana kama imelipwa. Yule mama wa nyumba aliisoma polepole akaikunja. Alisema angetungojea wiki tatu.

Tulimwendea kijana mmoja tuliyemfundisha, ambaye sasa ni wakili. Mazungumzo yetu yalikuwa ya ajabu kidogo, kwa kuwa yeye sheria aliisomea Kiingereza, nasi tulitaka kuielewa kwa Kiswahili, basi kila neno lilivukishwa mto. Tulimweleza kwamba katika Tanzania, ambako mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kutekeleza hukumu huitwa kuikazia hukumu, kana kwamba hukumu ni kamba iliyolegea. Na hati inayotaja alichoshinda mtu huitwa tuzo. Akacheka, akasema hilo la kukaza linafaa sana. Tulipokuwa hapo tukamkumbusha kwamba hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba dai, daawa na dua nayo ni ya mzazi mmoja. Hayo hayakutusaidia kitu kwa shida yetu, lakini yalitupa nafasi ya kuahirisha kusikia alilotaka kutuambia.

Alilotuambia ni hili. Kanuni za Uganda, katika Amri ya 22, zinasema kwamba fedha ikilipwa nje ya mahakama, mwenye tuzo anapaswa kuiarifu mahakama ili iandikwe. Na malipo yasiyoandikwa hivyo, mahakama inayotekeleza hukumu haiyatambui. Kwa hiyo mbele ya sheria zile noti 18 hazikuwahi kutoka mfukoni mwetu. Ikiwa mwenye tuzo haarifu, mdaiwa naye anaweza kuomba aitwe aeleze kwa nini malipo yasiandikwe. Na mwenye tuzo akiwa amekufa, msimamizi wa mirathi ndiye anayesimama mahali pake. Msimamizi alikuwa mwana mkubwa wa Mzee, mfanyabiashara.

Kisha kijana akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Lakini mwalimu, kuna njia nyepesi. Hukumu haiwezi kukaziwa baada ya miaka 12. Ni ya Machi 2011. Leo ni Novemba 2022. Kaa kimya miezi minne tu. Ukimwendea sasa yule mtoto, utamwamsha aliyelala."

Tungependa kuandika hapa kwamba tulilikataa shauri hilo papo hapo. Hatukulikataa. Tulikwenda nalo nyumbani, tukalala nalo siku tano, tukihesabu miezi kwa vidole kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hoja zilikuja nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Kodi tulikwisha lipa. Gharama tulisamehewa. Hati ya wito haikutufikia. Mtoto hakuwahi kutudai. Ilikuwapo hoja moja tu kwa upande wa pili, nayo ni kwamba hata miezi minne ikipita, mstari katika daftari ungebaki mtupu vile vile, na mama yetu angeendelea kupanda kilima.

Wakati huo huo mwenzetu aliyehamia Uingereza, tulipomsimulia, alituambia mambo ya huko. Uingereza na Wales hukumu ya deni huandikwa katika rejista, nayo hukaa humo miaka 6. Ukilipa yote katika muda wa mwezi mmoja hufutwa, ukichelewa huandikwa kwamba imetimizwa, lakini jina lako linabaki mpaka muda uishe. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1970, hukumu za namna hiyo kwa kawaida zilionekana katika taarifa za ukopaji miaka 7. Mwaka 2017 makampuni makubwa matatu ya taarifa hizo yaliziondoa, lakini wanaowachunguza wapangaji kwa niaba ya wenye nyumba wangali wakipekua majalada ya mahakama wenyewe. Kumbe mwenyekiti wetu na daftari lake la mistari ana wenziwe ng'ambo, ila wao hawamjui mpangaji kwa sura wala hawamwamkii asubuhi. Kwetu, angalau, kuna mlango wa kubisha hodi.

Tulibisha hodi Jumamosi. Mjane wa Mzee alikuwa barazani, mahali pale pale pa mumewe, akichambua mchele. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu," akajibu, na katika Nsambya ya leo wanaoijua salamu hiyo hawajai kiganja. Mwana mkubwa alikuwapo, naye alikuwa na karatasi. Kijana wetu alisema kweli, tulikuwa tumemwamsha. Alikwisha piga hesabu: kodi 900,000, gharama 340,000, riba ya shilingi 54,000 kwa mwaka kwa miaka 11, yaani 594,000. Jumla shilingi 1,834,000.

Tukaeleza habari za Agosti 2011. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Kaka, mimi si kwamba nakuita mwongo. Lakini marehemu hakuacha maandishi, na wewe huna. Mahakama ina maandishi."

Mama akaweka ungo chini. Akasema, "Maandishi ni mimi. Noti zilikuwa 18. Nilizihesabu mara mbili, moja ilikuwa imechanika pembeni, baba yako akasema si kitu."

Kijana akanyamaza. Sisi tukapumua, tena tukapumua mapema mno, kwani tuliongeza kwa furaha kwamba na zile gharama Mzee alitusamehe.

"Alikusamehe?" Mama akauliza. "Alisemaje?"

Tukamwambia maneno yenyewe. Akayarudia taratibu, kana kwamba anayapima kwenye ungo: hayo mengine, tutaonana. Kisha akatutazama. "Mwanangu, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Mtu wa reli akikwambia tutaonana, anakwambia mtaonana. Fedha ya wakili aliikopa kwa fundi cherahani, akamlipa mwaka mzima. Alikungojea uje. Ulipopita hapa ukamwamkia, mimi nilimwambia, mwite. Akasema, mwalimu ni mtu mzima, atakuja mwenyewe."

Tumesimama mbele ya wakaguzi wa shule, tumesimama mbele ya wazazi wenye hasira, lakini hatukuwahi kukosa mahali pa kuweka macho kama siku ile. Kwa miaka miwili, kutoka mwaka 2013 hadi kifo chake, mtu yule aliitikia salamu zetu kila asubuhi akingoja tumalize sentensi yake. Lugha ya darasani ilitufundisha kwamba kiambishi -an- mwishoni mwa shina huonyesha kutendana, watu wawili kila mmoja kwa mwenziwe, na tumekichora ubaoni mara mia. Yeye alitimiza sehemu yake. Alikaa barazani.

Mambo ya hesabu baada ya hapo yalikuwa mafupi. Mama alisema riba hataki, kwa kuwa marehemu hakuwa akila riba. Mwana alisema sheria inaruhusu. Mama alisema sheria haikuzaa mtu. Mwana akacheka, akapasua karatasi yake. Tukaahidi shilingi 340,000, na safari hii tukataja tarehe: 200,000 siku hiyo hiyo, tukazitoa katika fedha tulizoweka kwa ajili ya kuhama, na 140,000 katikati ya Desemba. Kila mara tulipewa risiti. Mama alipoambiwa kwamba ile hati anayopaswa mwanawe kuitolea ushahidi huitwa tuzo huko Tanzania, alishangaa. "Tuzo? Kwani marehemu alishinda mpira?"

Zilibaki kazi za mahakamani. Kwanza jalada lilipaswa kupatikana. Tulikwenda masjala mara tatu. Karani, mtu mwema aliyechoka, alitueleza kwamba majalada ya zamani yalikuwa yamehamishwa, na yetu ilikuwa imefungwa pamoja na mashauri ya mwaka 2012 kwa sababu mtu aliandika moja vibaya. Ilipotoka, kamba yake ilikuwa imeacha alama nyekundu kwenye jalada, na ndani yake tuliikuta nakala ya wito uleule uliolala katika Biblia ya jirani yetu, pamoja na kiapo cha aliyeupeleka kwamba sisi tuliupokea kwa mikono yetu. Tulikisoma mara mbili. Kijana wetu wakili alitaka tukitumie. Tukamwambia akiache kilale.

Mwana wa Mzee aliapa na kutia sahihi kwamba fedha zote zimepokewa, na mwezi wa Januari mwaka 2023 mahakama ikaandika hukumu ile kuwa imetimizwa. Kwa hesabu ya miaka 12 ilikuwa imebakiza kiasi cha miezi miwili tu. Hakimu hakutuuliza kwa nini tulijisumbua. Alikuwa na majalada mengine mengi mezani.

Wiki tatu za yule mama wa nyumba zilikuwa zimekwisha zamani, na vyumba vilikuwa na mtu mwingine, muuguzi. Hatukumlaumu. Tulipata vingine, chini kidogo ya kilima, vyenye bei hiyo hiyo na maji ya taabu. Mama yetu mzazi hupanda kwa bodaboda. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inasema kodi isiongezwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji asitolewe bila amri ya mahakama, nasi tuliitafsiri vifungu hivyo kwa Kiswahili tukawasomea majirani. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Baraza la Mawaziri lilikuwa limeamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nayo katiba, tangu yalipofanywa mabadiliko ya mwaka 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Ni habari za kufurahisha. Hati za wito, kwa kadiri tulivyoziona pale masjala, zingali Kiingereza kitupu, na waje wajane wa reli wangapi wazitie katika Biblia zao.

Mwenyekiti kijana aliipokea nakala ya amri ya mahakama kwa mikono miwili. Akafungua daftari la mwaka 2011, akatafuta mstari, akasita na kalamu hewani, akauliza aandike kwa lugha gani. Tukamwambia aandike kwa lugha atakayoisoma mwenyekiti atakayemfuata. Akaandika kwa Kiganda, neno moja, asasudde, yaani amelipa, akatia tarehe na muhuri.

Jioni tulipitia kwa Mama barazani kumwonyesha. Aliitazama ile karatasi ya Kiingereza upande huu na upande huu, akaturudishia, akasema ana mjukuu wa darasa la sita ambaye Kiswahili kinamshinda. Tukasema atapata msaada. Giza lilikuwa linaingia, tukainuka kuaga.

"Haya, mwalimu," akasema, "tutaonana."

"Lini, Mama?"

"Jumamosi, saa tisa. Mje na Mama yenu."